Kutafuta wateja wa kazi ya VA: nilichobadilisha nilipoacha kuandika "naweza kufanya kazi yoyote"

#1 Mwanzisha uzi, Arusha

Habari zenu wakuu. Uzi huu niliuahidi siku nyingi kwa watu walionifuata PM. Leo mtoto kalala mapema na umeme upo, kwa hiyo naandika.

Mimi ni msaidizi wa mtandaoni, hii kazi wengi tunaiita VA. Nina wateja watatu wa kudumu, wote nje ya nchi, na kodi ya nyumba inatoka humo. Sitauza kozi wala sina kundi la WhatsApp la kulipia. Nataka tuongee jinsi mteja wa kwanza anavyopatikana, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakata tamaa, na nilikaribia kukata tamaa mimi mwenyewe.

Miaka minne nilikaa dawati la bukingi la kampuni ya safari hapa Arusha. Niliacha mwanzoni mwa 2023 baada ya kujifungua. Juni mwaka huo nikafungua akaunti Upwork, tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni. Profaili yangu ilisema najua Excel, Canva, kuingiza data, kuandika barua pepe, kusimamia mitandao ya kijamii, huduma kwa wateja, utafiti, na kwamba ni mchapakazi ninayejifunza haraka. Nilituma maombi 47. Kwa wasiojua, ukiomba kazi kule unalipia kwa Connects, yaani pointi unazonunua, moja ni senti 15 za dola, na ombi moja la maana hula kumi au zaidi. Yalinitoka zaidi ya dola 70. Nikapata kazi moja ya kunakili anwani kwenye jedwali, dola 15, na humo kampuni ikakata asilimia 10 yake.

Sisemi Upwork ni mbaya. Kuna watu wanaishi kwayo. Ila ukisema "najua Excel na barua pepe" umesimama foleni moja na dunia nzima, wakiwemo Wafilipino ambao kazi hii wameifanya miaka mingi, wana nyota zao mamia walizopewa na wateja, wana intaneti na Kiingereza cha kutosha. Mteja anaona maombi hamsini yanayofanana. Atachagua lipi? Lenye bei ndogo au lenye nyota nyingi. Mgeni huna nyota, kwa hiyo unashusha bei, na ukishusha sana anakuogopa.

Kilichonifungua macho ni jambo dogo. Oktoba 2024 nilikuwa nawatafutia jamaa fulani taarifa za Zanzibar, nikapita kwenye tovuti ya wakala mdogo wa utalii kaskazini mwa Uingereza, mume na mke, wanauza safari za Tanzania tu. Tarehe 1 Oktoba Zanzibar ilikuwa imeanza kumtaka kila mgeni kutoka nje ya nchi akate bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Ukurasa wao haukuitaja. Nikaendelea kusoma: siku ya sita mgeni anaruka kutoka Seronera, katikati ya Serengeti, kwa ndege ndogo, lakini orodha yao ya vitu vya kubeba inasema "sanduku kubwa". Zile ndege wanakubali kilo 15 na begi laini. Nikafika Ngorongoro, wameiandika kama hifadhi ya taifa, na gharama ya kushuka kreta wameigawa kwa kichwa, wakati ile ada inalipwa kwa gari, kila linaposhuka, na inakwenda kwa mamlaka ya Ngorongoro, siyo TANAPA wanaosimamia hifadhi za taifa.

Nikakaa nikafikiri: haya yote nayajua bila kufungua kitabu, na kwenye profaili yangu hakuna hata neno moja la safari. Nilikuwa nimeificha kazi niliyoifanya miaka minne kwa sababu niliona haifanani na "VA".

Nikawaandikia. Ilikuwa kwa Kiingereza, naiweka hapa kwa Kiswahili wote tuisome:

"Habari za leo. Nimesoma ratiba yenu ya siku kumi, Serengeti na Zanzibar. Tangu tarehe 1 Oktoba kila mgeni wenu anatakiwa awe na bima ya Zanzibar yenyewe, dola 44, hata kama ana bima ya Uingereza. Ukurasa wenu haujaitaja. Siku ya sita mgeni anaruka kutoka Seronera, mzigo ni kilo 15 kwenye begi laini, nanyi mmemwambia abebe sanduku. Nimefanya bukingi Arusha miaka minne. Ratiba moja nyingine mtakayoichagua nitaikagua wiki hii bila malipo. Mkiridhika tuongee kuhusu zilizobaki."

Basi. Sikuweka CV, sikueleza maisha yangu, wala sikuandika "ninaomba nafasi". Jibu lilikuja siku ya pili, na swali lao lilikuwa moja: kuna kingine tulichokosea?

Nitaendelea, naona maswali yameanza.

#2 Mdau, Mwanza

Dada shikamoo. Nimesoma hadi mwisho. Mimi niko chuo mwaka wa pili, sijawahi kuajiriwa popote. Wewe una miaka minne ya utalii. Mtu kama mimi ataandika nini?

#3 Mdau, Dodoma

Naheshimu uzoefu wa dada ila hapo kwenye "bila malipo" sikubaliani. Nilipewa "jaribio" na mtu aliyesema ana kampuni ya mauzo. Nikapanga orodha ya wateja 400 usiku kucha, akasema asante, akapotea. Kazi ya bure ndiyo inayotuua.

#4 Mwanzisha uzi

Mwanza, marahaba. Nakujia, swali lako linahitaji nafasi.

Dodoma, pole sana ndugu yangu. Hilo limenipata na mimi, tena baya zaidi: wiki tatu nzima nilifanya kazi ya mtu nje ya Upwork, nikamtumia ankara, akanyamaza hadi leo. Kwa hiyo nakuelewa. Lakini tuangalie nani kapanga jaribio. Kwako yeye ndiye aliyechagua kazi, ukubwa wake na muda wake, na alichokitaka ndicho ulichomkabidhi chote. Kwangu mimi nilichagua: ratiba moja, saa moja na nusu, kitu ninachokijua. Ile ya kwanza nilimwonyesha makosa, nyingine kumi na moja hakuzipata mpaka tulipokubaliana malipo. Mteja akikuletea jaribio lake, mwambie jaribio linalolipwa, hata dola 10. Anayekataa kukulipa dola 10 hatakulipa 300.

Na baada ya yule aliyenidhulumu nikaweka utaratibu ambao sijauvunja: mteja mpya analipa nusu kabla sijaanza. Wale wakala walilipa bila neno. Tulianza pauni 6 kwa saa, mwezi mmoja wa kujaribiana, kisha tukahamia malipo ya mwezi, masaa 40 kwa pauni 280. Nawashauri muende kwenye malipo ya mwezi mapema. Ukilipwa kwa saa kila wiki unaanza kujieleza upya umefanya nini, na yeye kila wiki anajiuliza kama anakuhitaji.

Nisisitize na hili kwa sababu PM zangu zimejaa watu walioibiwa. Anayekwambia ulipie usajili ili upewe kazi, mwizi. Anayekupeleka Telegram ukabonyeze bonyeze ulipwe, mwizi. Na anayekukodisha akaunti ya Upwork ya Mmarekani iliyothibitishwa, hata kama siyo mwizi, anakuingiza kwenye jambo linalovunja masharti ya kule. Siku wakitaka kuona uso wako kwenye kamera unapoteza akaunti pamoja na hela iliyomo.

#5 Mdau, Mombasa

Salaam aleikum ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Mombasa na ninamuunga mkono huyu dada kabisa, maana yaliyomkuta ndiyo yaliyonikuta mimi, ila bidhaa ni tofauti.

Nilikuwa karani wa kliaringi, kuwatolea watu mizigo hapa bandarini. Kazi ilipokatika nikaanza kutafuta "kazi za mtandaoni" vile vile, kuandika makala, kujibu maswali, pesa za bando tu. Halafu nikaona kuna muuzaji mmoja wa magari yaliyotumika, yuko Japani, wateja wake wengi ni Wakenya. Jamaa alikuwa anawatangazia watu gari ambalo halitaingia nchini. Kenya gari likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi, na kila Januari mwaka unasogea. Mtu akinunua Novemba gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa, meli ikichelewa likafika Januari, basi amekwama. Nikamwandikia hayo tu. Sasa mwaka wa pili namjibia wateja wake, nawaeleza ukaguzi, karatasi, gharama za bandari.

Masaa ndiyo mtihani. Wao wako mbele yetu masaa sita. Baada ya sala ya alfajiri nafungua laptopu, ikifika saa kumi na mbili asubuhi kwao ni saa sita mchana. Saa tano nishamaliza, natoka na shughuli zangu.

Swali kwa dada: malipo mnapokeaje huko? Sisi PayPal tunatoa hadi M-Pesa tangu 2018, lakini nasikia kwenu ni shida.

#6 Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam kaka. Umenifurahisha sana, hasa hapo pa Novemba na Januari. Hiyo sentensi moja ni maombi ya kazi tosha.

Malipo: nilipoanza 2023 PayPal ya Tanzania ilikuwa inakuruhusu kulipa tu, kupokea hapana. Ninatumia Payoneer. Wananipa namba ya akaunti ya pauni, mteja analipa kama anavyomlipa mtu wa kwao, halafu nahamishia benki yangu hapa kwa shilingi. Makato yapo kwenye kutoa na kwenye kubadilisha fedha, kwa hiyo yahesabu kabla hujataja bei. Jina la Payoneer lifanane na la benki na la kitambulisho cha taifa (NIDA), herufi kwa herufi. Mimi jina la kati lilinichelewesha siku tisa.

Umegusia masaa, na hapo nina kovu. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, wao wanazisogeza. Uingereza majira ya baridi tunawazidi masaa matatu, kiangazi mawili. Kikao chetu cha kila wiki kilikuwa saa tatu asubuhi kwao, yaani saa sita mchana kwangu. Tarehe 30 Machi 2025 wakasogeza saa mbele, sikujua. Jumatatu nikafungua kamera saa sita kamili, nimevaa vizuri, naona ujumbe wa saa zima: "Tunakusubiri", "Uko salama?", "Tumeondoka, tutaongea baadaye." Nililia. Sasa kila kikao nakiweka kwenye kalenda ya Google kwa saa za mteja, nayo inanisomea za Arusha yenyewe. Marekani nao hubadilisha tarehe tofauti na Uingereza, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo mwenye wateja pande zote mbili awe macho zaidi.

#7 Mdau, Dodoma

Nimeelewa hapo kwenye nani kapanga jaribio. Sasa nijibu na hili: hao wakala wakianza kutumia akili mnemba kuandikia wageni, wewe utabaki na nini? Na intaneti yetu hii unaiamini vipi?

#8 Mwanzisha uzi

Wanaitumia tayari, nami naitumia kunyoosha Kiingereza changu. Kuhusu nitabaki na nini, nikusimulie usiku mmoja wa Februari.

Saa nne na nusu usiku napata simu ya WhatsApp kutoka Uingereza. Wageni wao wawili wako katikati ya Serengeti, wamegundua pasipoti zote mbili zimebaki kwenye sefu ya chumba, loji ya Karatu. Kesho kutwa asubuhi wanaruka Seronera kwenda Zanzibar. Nikapiga loji, mapokezi kamaliza zamu, akapokea mlinzi. Nikamsalimia, nikamweleza taratibu, akaenda kumwamsha meneja. Meneja akafungua sefu, akanipigia picha bahasha. Sasa nani atazipeleka? Nikaanza kupiga madereva ninaowajua tangu dawati la bukingi. Wa tano akasema ana wageni wanaolala Karatu, asubuhi wanapanda Ngorongoro na kupitiliza hadi Seronera. Saa kumi na mbili asubuhi alipita lojini, akasaini daftari, akaweka bahasha ndani ya shati. Saa tisa alasiri nikaletewa picha ya wale wageni wameshika pasipoti zao, nyuma kuna mgunga na gari la vumbi. Nilimtumia dereva elfu thelathini, na mteja akanirudishia bila kuuliza.

Mwezi uliofuata yule mama wa Uingereza akanitambulisha kwa rafiki yake mwenye kampuni ya kupandisha watu Kilimanjaro. Huyo ndiye mteja wangu wa pili. Sikuandika barua yoyote.

Intaneti: Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, nilikuwa na kazi ndogo ya kukabidhi Jumatatu. Laini zangu mbili zote hazikufaa kitu. Nikamtumia mteja SMS ya kawaida ya nje ya nchi: mtandao wa Afrika Mashariki umekatika, faili liko tayari, litakufika dakika mtandao ukirudi. Alinijibu kwamba ameona habari. Kimya ndicho kinachowatisha. Kwa hiyo namba ya simu ya kila mteja naiandika kwenye daftari la karatasi, na kila ninayeanza naye namweleza mapema: mtandao ukikata nitakutumia SMS ndani ya nusu saa. Umeme nao, mgao wa mwishoni mwa 2023 ulinifundisha kuwa na power bank inayowasha ruta.

#9 Mdau, Mwanza

Dada hujanijibu lakini nimesubiri kwa adabu.

#10 Mwanzisha uzi

Nisamehe mdogo wangu. Niambie kwanza: wiki iliyopita, nje ya darasa, ulifanya nini kwa mikono yako?

#11 Mdau, Mwanza

Kanisani ndio ninayerekodi kwaya. Nakata video, naweka maneno ya nyimbo chini, napandisha YouTube. Naandika Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza kwa sababu mchungaji anapenda. Hakuna anayenilipa.

#12 Mwanzisha uzi

Hiyo ndiyo kazi yako, na umeifanya bila kuiita kazi. Sikiliza. Kule Marekani kuna makanisa mengi ya ndugu zetu waliotoka Kongo kama wakimbizi, ibada zao zinaendeshwa kwa Kiswahili. Wazee wanakijua, watoto waliozaliwa au kukulia kule wanasoma Kiingereza. Wanarusha ibada nzima ya masaa matatu YouTube, haijakatwa, haina maneno, kichwa cha video ni tarehe tu. Tafuta makanisa kumi ya namna hiyo. Angalia video zao tatu tatu. Usiwaandikie bado.

Chukua moja, kata wimbo mmoja wa dakika nne, weka maneno kwa lugha mbili. Usipandishe kwenye ukurasa wako, video ni mali yao. Watumie wao faili.

Mimi barua za wakala nilituma 31 kwa wiki sita. Sita walijibu, wawili tuliongea, mmoja akawa mteja. Nilizituma Oktoba na Novemba makusudi, kwa sababu Januari ndipo Waingereza wengi wananunua safari, na wakala anataka mambo yake yakae sawa kabla. Mwezi huu wa Juni nimetoka KiliFair, maonyesho ya utalii hapa Arusha, na kadi za wageni wanne. Nitawaandikia, lakini baada ya kusoma tovuti zao ukurasa kwa ukurasa. Inanichukua saa mbili kwa barua moja. Ndiyo, saa mbili. Zile 47 za Upwork nilikuwa natumia dakika kumi kila moja.

#13 Mdau, Mwanza

Nimefanya. Siku tatu sijalala vizuri. Naomba unirekebishie:

"Mheshimiwa Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Naitwa fulani, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Mwanza, Tanzania, mwenye bidii na mwaminifu. Naandika kwa unyenyekevu kuomba nafasi ya kuhudumu pamoja nanyi kama msaidizi wa mtandaoni. Nina ujuzi wa kompyuta, video, mitandao ya kijamii na mambo mengine mengi. Nimeambatanisha wimbo wenu wa Jumapili ya Pasaka nilioukata na kuuwekea maneno kwa Kiswahili na Kiingereza ili vijana wenu waufuate. Nitashukuru mkinifikiria."

#14 Mdau, Mombasa

Kijana, sentensi moja humo ndiyo ina uzito. Ile ya Pasaka.

#15 Mwanzisha uzi

Kaka kaona sawasawa. Salamu iache, kwa mchungaji ni lazima. Baada ya salamu nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa Pasaka. "Mwenye bidii na mwaminifu" ifute, wimbo wenyewe utawaonyesha. "Mambo mengine mengi" futa kabisa, hiyo ndiyo iliyonila mimi mwaka mzima. Iwe hivi:

"Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Wimbo mlioimba Jumapili ya Pasaka, ule wa dakika ya arobaini na mbili, nimeukata na kuuwekea maneno kwa Kiswahili na Kiingereza ili vijana waufuate. Nimeuambatanisha, ni wenu. Kwenye ubeti wa pili kuna neno sikulisikia vizuri, nimeliacha wazi, naomba mnisaidie. Kazi hii naifanya kanisani kwetu Mwanza kila wiki. Mkipenda, nyimbo nne za kila mwezi naweza kuwafanyia kwa dola 60."

Lile neno ulilolikosa usilifiche. Litawapa sababu ya kukujibu hata kabla hawajafikiria pesa.

Usitume leo Jumamosi, wako kwenye maandalizi ya ibada. Jumatatu wachungaji wengi wanapumzika. Tuma Jumanne saa kumi jioni yetu, kwa walioko New York na Ohio itakuwa saa tatu asubuhi. Na simu iwe na chaji, wanapenda kupiga.

#16 Mdau, Mwanza

Jumanne saa nne usiku. Wamepiga. Mama mmoja, kiongozi wa kwaya. Neno lenyewe ni "ngome". Ameniuliza kama naweza kuanza na ibada ya Pentekoste.

#17 Mwanzisha uzi

Mwombe nusu kabla.